Sipaki Rangi

Bi Mize kaja na picha moja, kaifunga pembeni mwa leso,
imeliwa na mchwa, imekatika nyuma ya tairi:
Bedford ya marehemu mbele ya bohari, Wete,
mwaka mikarafuu ilipozaa hadi majamvi yakakosekana.
"Nifanyie ya ukutani," kasema. "Nyekundu. Ilikuwa nyekundu."

Nikamwambia, mama, mimi sipaki rangi.
Rangi naitafuta ndani ya mti.
Kanitazama kama mtu aliyeuziwa pweza wa jana.

Kwanza karatasi. Nikalichora gari ukubwa wa sinia,
kila kipande na nambari yake, kila nambari na mshale
wa kuonyesha nyuzi za mbao zilale wapi:
za boneti zishuke, za mlango zisimame,
za barabara zipite mlalo kama ukili.
Vipande sitini na tatu.
Suwedi, mwanafunzi wangu, kavihesabu mara mbili
kapata sitini na nne.

Halafu mbao.
Mpingo wa tairi ninao, masalio ya bakora.
Mfenesi, manjano yake ya samli, kwa taa.
Mlimau uliokufa uani kwetu, mweupe, kwa kioo.
Mkarafuu kwa magunia; Suwedi aapa
ukiupiga msasa unanukia msimu.
Mimi sinusi kitu. Miaka ya vumbi hii.

Nyekundu ndiyo iliyonikosesha usingizi.
Mninga umezidi kahawia. Mkoko sikati.
Wiki nzima napindua vipande, nalowesha kwa ulimi,
mpaka Bi Mize, kwa sauti ya kuungama,
kasema lilipouzwa chuma chakavu
yeye ubavu mmoja aliuficha.
Ndio mlango wa banda la mbuzi.

Tukaenda Kangagani na nyundo ya kung'olea.
Mbuzi wakatutazama kama wenye nyumba.
Ubao mmoja tu. Juu ni kijivu, samadi, makovu ya kamba;
nikapitisha randa mara moja, mara ya pili,
mvule ukafunguka,
na ndani ya vinyweleo vyake, wekundu.
Rangi ya miaka arobaini, ubao umeinywa.
Sikupaka mimi. Kapaka Faki Hamadi,
kwa brashi yake, siku ambayo mimi sijazaliwa.

Nyuzi nne za msumeno zilikatika kwenye tao la matairi.
Umeme nao ukaenda zake tangu adhuhuri.
Nikamalizia kwa tupa, dirishani:
tairi niliinue, kioo nikizamishe,
mabega ya boneti yaviringe hadi kidole kiteleze
bila kujua kimevuka mpaka wa mti gani.

Bi Mize kaja kabla ya gundi.
Kaangalia. Kaangalia tena.
"Na mwenyewe yuko wapi?"
Dirisha lilikuwa tupu.

Sura za watu sichongi, baba kanikataza,
nami sina hamu ya kumuasi kaburini.
Nikashika penseli, nikaiweka chini.
Yeye akawa anasema tu, si na mimi:
jinsi alivyoendesha na kiwiko nje,
mvua, jua, kiwiko nje,
shati upande wa kulia likichakaa peke yake,
na yeye kila mwezi akilitia kiraka.

Kiwiko si sura.
Nikakata kipande cha mdarasini, kama kokwa ya ukwaju,
nikakikunja, nikakilaza juu ya mlango.
Suwedi hakusema kitu.
Kachukua penseli, kaandika nyuma yake: 64.

Leo gundi imekauka. Bi Mize kapitisha kidole
kwenye magunia, kwenye taa, kwenye kiwiko kakawia,
kisha kashuka ukingoni mwa mlango, kasimama.
"Ee," kasema. "Huu ulikuwa haufungi vyema."

Ni ufa wa unywele, kosa la mkono wangu.
Nilikuwa nimeutia unga wa mbao na gundi
usionekane.
Nikanyamaza.
Kalifunga gari ndani ya leso, kalipa,
kauliza kama nina ubao wowote, hata mbovu:
kuna mbuzi anatoka usiku.