Kamba ya Buluu

Baba aliinunua mashine ikiwa na kamba tayari,
kamba ya buluu, ya kufungia marobota ya majani,
imezungushwa mara nne kwenye leva ya kushoto.
Iache, alisema, inanipa mkono wa ziada.

Leva ziliwekwa mbili kwa makusudi:
kabari isisogee hata inchi
mpaka mikono yote miwili iwe imeshika kitu,
mbali na mdomo wake.
Kamba ikaufundisha mkono wa kushoto kuzurura.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu.
Gogo la msonobari, fundo ndani kama goti,
likateleza, akalidaka
kama unavyodaka kikombe kabla hakijafika sakafuni.
Tani saba hazisikii mtu akisema ngoja.

Husemwa ajali haina kinga.
Hii ilikuwa nayo. Ilifungwa kamba.

Aliporudi kutoka hospitali ya Hereford
Mama alikata vidole viwili vya glavu yake,
akashona matundu kwa uzi wa soksi.
Baba alilaumu ubichi wa gogo,
akalaumu Novemba, siku zake fupi.
Kamba hakuitaja. Jumatatu alirudi kazini
ikiwa palepale.

Sasa mashine ni yangu, na deni la lori,
na kilima hiki cha Radnor chenye mvua kuliko wateja.
Mwanamke wa bima aliniuliza kwenye simu:
Nani anawajibika kwa usalama wa mfanyakazi?
Mimi.
Na mfanyakazi ni nani?
Nikatazama uani: kuku, rundo la mwaloni, turubai.
Mimi.
Nikamsikia akiandika.

Basi kila asubuhi bosi humkagua kibarua.
Buti. Miwani. Viziba masikio.
Mipira ya mafuta huipitishia kipande cha boksi, si kidole,
maana tundu dogo kuliko sindano
laweza kukudunga mafuta hadi mfupani.
Kibarua hunung'unika, baridi imemshika.
Bosi naye anahisi baridi ileile,
ila hawezi kumwambia.

Ijumaa kabla ya Krismasi, oda tisa,
saa kumi jioni na giza limeshaketi.
Gogo la mwisho limepinda kama kiwiko, halisimami.
Macsen wa shamba la jirani, miaka kumi na mitano,
akaruka ua: Nitalishika mimi, Heulwen, wewe vuta leva.
Nikasema hapana. Mashine moja, mtu mmoja.
Rudi nyuma ya lango.
Akacheka. Baba yako angekubali.

Ndiyo, nikasema. Angekubali.

Nikazima injini.
Nikangoja mpaka kabari iliponyamaza kabisa,
ndipo nikalibeba lile gogo
hadi kwenye rundo la wakaidi wenzake, nyuma ya banda,
ambao hawatauzwa kwa mtu.

Bi Angharad Pugh alizihesabu kuni zake mlangoni,
tochi mkononi, shali juu ya koti.
Pungufu, akasema.
Pungufu, nikasema. Zilizobaki nitaleta kesho, kukipambazuka.
Akafunga mlango bila kwaheri,
na haki ilikuwa yake: jiko lake halili sababu.

Ile kamba sikuitupa. Kamba nzuri, haijaoza,
nayo ilifanya tu ilichoambiwa.
Niliikata kando ya fundo, fundo lenyewe sikuligusa,
na leo inafunga lango la uani
mashine inaponguruma.
Macsen amejaribu kulifungua mara mbili.
Anasema fundo hili ni gumu mno, nani alilikaza hivi?

Simjibu. Ninavaa glavu,
vidole vyote kumi, kimoja kimoja.