Kabla Yake, Nini?

Ibra, mwezi wa saba, saa tano asubuhi.
Kontena la ofisi linanguruma kwa kiyoyozi
nami nimeutandaza mradi ukutani:
zahanati, vyumba kumi na vinne,
mistari mia mbili na sita,
kila mmoja umeshika upindo wa kanzu ya mwenzake.

Mhandisi Yaqdhan amesimama mlangoni na kikombe.
"Rayya, tutafika?"
Anaulizia Novemba, siku ya mkasi na utepe,
halua kwenye trei, wageni kutoka wizarani.
Simjibu. Naanzia kwenye mkasi
narudi kinyumenyume, taratibu,
kama mtu anayetoka chumba alicholala mtoto.

Kabla ya mkasi, nini? Kitanda cha kujifungulia.
Kabla ya kitanda, vigae. Kabla ya vigae,
mabomba yajazwe maji, yafungwe usiku na mchana,
geji isishuke hata unywele.
Kabla ya mabomba, ukuta.
Kabla ya ukuta,
zege.

Na zege lina tabia zake.
Hapa hulimwagi mchana wa kiangazi,
litakushikia mkononi hujalisawazisha.
Linakuja saa nane za usiku, limechanganywa na barafu,
na Shafiqul na vijana wake hulipokea chini ya taa
kimya, kama watu wanaopokea jeneza.
Kisha siku saba za magunia na maji, magunia na maji.
Kwenye ratiba nimeiita kazi hiyo Kungoja.
Muda: siku saba. Mafundi: hakuna.
Walinipigia simu kutoka Maskati:
"Hii isiyo na mtu, huwezi kuikata ziwe tatu?"
Nikawaambia, kaliulizeni zege.

Si kila kinachotangulia hutumika mwanzo.
Mama yangu, aliyekulia Wete na kuzeekea Al-Khoud,
hukamua tui zito kwanza, akaliweka kando;
sufuriani hutangulia jepesi.
Zito huingia mwisho, moto umepunguzwa,
ukilitanguliza linakatika.
Ndiyo maana milango niliiagiza mwezi wa pili
nayo haitafungwa hadi Oktoba.
Yaqdhan alidhani nimekosea safu.

Bustani ina mwanya wa siku ishirini.
Mitende ikichelewa, hakuna atakayelia.
Rangi ya uzio ina siku tisa.
Shafiqul ana sifuri.
Juzi Jumapili aliomba siku nne,
mkewe yuko Sylhet, mimba ya kwanza.
Niliutazama mstari wake, mwekundu, mnyoofu,
nikamwambia: baada ya slabu ya pili.
Akasema sawa, madamu. Akarudi juani.
Mtoto akazaliwa Jumanne. Slabu, bado.

Bado kwa nini?
Leo ndiyo naufuata mstari huo kwa kidole.
Kabla ya slabu, kibali cha matundu ya mabomba.
Kabla ya kibali, barua iwafikie wizarani.
Kabla ya barua, mchoro utiwe saini.
Kabla ya saini,
kidole kimegota kwenye herufi mbili: R. H.
Mimi.

Saa sita na nusu, king'ora cha kupumzisha kazi.
Natembea hadi kwenye gari, usukani hausogeleki.
Mchoro uko kiti cha nyuma
chini ya abaya niliyoitoa kwa dobi.
Tangu Jumapili. Nahesabu,
nahesabu tena kwa kuwa jibu silipendi:
siku nne.
Siku nne Shafiqul amekuwa akifagia mbao
alizokwisha kuzifagia,
akisubiri karatasi iliyokuwa inaota jua garini mwangu.

Narudi. Yaqdhan bado yupo, kikombe kitupu.
"Sasa? Tutafika?"
Naweka saini palepale, juu ya goti.
Kibali kitachukua wiki, labda zaidi,
na wiki hiyo mstari mwekundu hautakuwa na mtu.
"Nitakujibu," namwambia,
"ila kabla yake kuna kazi moja,"
natoka kwenda kivulini, nyuma ya tangi la maji,
ambako watu wamelala wamefunika nyuso kwa vilemba
na mmoja hajalala,
anaitazama simu yake, ameikinga mwanga kwa kiganja.