Jiwe la Kilo

Sanduku limeshuka stendi ya Nane Nane kabla ya adhana.
Limepita Songea, limepita Njombe penye ukungu wa Juni,
Makambako likahamishiwa basi jingine, chini ya magunia ya korosho,
na ndani yake chupa kumi na mbili za bahari
zimenyamaza kama watoto waliokatazwa kuuliza.

Somoe wa Mikindani ameziandika kwa penseli:
tarehe, kina, joto la maji yalipotekwa.
Kila kizibo kakipaka grisi, kila chupa kaidondoshea zebaki
ili vijidudu visiendelee kupumua njiani
vikanibadilishia jibu kabla sijauliza swali.

Mimi sijawahi kuiona bahari.
Naijua chumvi yake kwa namba, thelathini na tano na ushee.
Kuionja siwezi, ina sumu ya Somoe.

Huku chini ya Loleza maabara ni chumba kimoja,
jirani yake fundi wa matairi.
Asubuhi kipimajoto kinasoma tisa.
Naziogesha chupa hadi zifike ishirini na tano,
maana maji ya baridi husema hivi, ya vuguvugu husema vile,
na yote mawili hayasemi uongo.

Kisha natia rangi. Zambarau.
Hata rangi ina ukali wake: ukiitia tu, umeshayagusa maji,
kwa hiyo nayo naipima, naitoa kwenye hesabu,
kama muuza nyama anayeondoa uzito wa karatasi.
Chupa pacha naitilia asidi, tone, tone,
nione itavumilia hadi wapi.

Bahari inachachuka. Moshi wetu inaumeza,
sibishi.
Lakini inachachuka kwa mwendo wa kinyonga,
kwa mwaka nukta sifuri sifuri mbili hivi;
mkono ukitetemeka, nikipiga chafya,
nimeipotezea miaka.

Shangazi Subilaga anauza viazi Mbalizi.
Wanunuzi wanataka lumbesa: gunia livishwe kilemba,
gunia juu ya gunia, bei ya gunia.
“Haba na haba hujaza kibaba,” huwajibu,
“ila kibaba chenyewe nani kakipima?”
Ana jiwe la kilo, la chuma, lina muhuri.
Hulifunga kwenye kipande cha kanga. Hamwazimi mtu.

Jiwe langu mimi ni chupa ya maji ya rejea,
yaliyopimwa mbali, na wengi, hadi wakakubaliana.
Ijumaa nikaifungua.
Mashine ikasoma juu. Si sana.
Nikarudia. Juu.
Nikaosha bureti, nikafukuza viputo, nikarudia.
Juu.
Kumbe tangu Jumatatu
ilikuwa ikinishonea kilemba, chupa kwa chupa,
nami naandika, natabasamu.

Daktari Anyosisye aliutazama mchoro wake,
mstari uliokuwa ukishuka kwa adabu.
“Ni kidogo,” alisema. “Nani atajua?”
Fundi wa matairi alikuwa akigonga rimu.
Daktari akavua miwani, akaifuta na shati, akaivaa tena.
“Hicho kidogo,” akasema, safari hii si kwangu,
“kinatosha kuficha miaka minne.”

Sikufuta. Ufutio hautakiwi kwenye daftari lile.
Nilipiga mstari mmoja juu ya kila namba
ili anayekuja aone nilichokuwa nimekiamini,
pembeni nikaandika: mashaka.
Zilizobakiwa na maji ya kutosha nitazipima upya.
Tano zimekwisha.

Nikampigia Somoe. Kwenye simu upepo ulikuwa mwingi kuliko maneno.
“Na ile ya tarehe tisa Mei? Niliyateka mvua ikininyeshea.”
“Na hiyo.”
Akanyamaza.
“Basi nitateka mengine.”

Atateka. Lakini bahari ya tarehe tisa Mei
haipo tena Mikindani, haipo popote;
kimebaki kidole kimoja cha maji, kwenye rafu yangu, Mbeya,
na sijui kilikuwa na nini.