Lumbesa

Magodoro mawili nimeyasimamisha ukutani,
feni nimeizima, jasho lishuke litakavyo.
Huku Mabatini nyumba zimekaa mabegani mwa mawe,
kikohozi cha jirani wa juu huteremka mpaka kwako.

Minza aliimba mara tatu, akawahi zake Mwaloni
kuanua dagaa kabla wingu la ziwani halijafika.
Akabaki Sayi, kaka yake:
“Pandisha. Za wenzetu zinapiga kuliko hii.”
Nikapandisha.
“Bado.”
Nikashindilia, mpaka wimbi kwenye kioo
likawa tofali, bonde halina, kilima halina.
Sayi akatikisa kichwa, akalipa nusu.

Usiku nikausikiliza peke yangu.
Jogoo wa mama Ng'washi,
aliyekuwa mbali kabisa nyuma ya ubeti wa pili,
sasa anaimba bega kwa bega na Minza.
Na ile pumzi anayoivuta
kabla ya kutaja jina la marehemu mama yao
imelingana na jina lenyewe.

Nilikuwa najua. Hilo ndilo linaloniuma.
Kule wimbo unakokwenda wana kijiti chao,
wanakipitisha juu ya kisado, srrr,
kilichozidi hasi kumi na nne kinashushwa.
Hawakugombezi. Wanakulinganisha na wengine tu,
nawe unabaki na dagaa uliowaponda
ili waenee.

Minza angeniambia haya bila mashine yoyote.
Shindilia gunia, husema, utauza unga.

Saa saba. Luku inasoma uniti tatu.
Nimerudi mwanzo, kamba nimeilegeza,
ngoma nimeiacha iruke na ianguke inapotaka.
Juu nimebakiza desibeli moja, upenyo wa kidole,
maana faili likibanwa njiani huvimba.
Jogoo amerudi kwao.

Asubuhi Sayi ataibandika simu sikioni:
mbona iko chini?
Nitamwambia aongeze mwenyewe, kitufe kiko ubavuni.
Ile nusu nyingine sijui kama nitaiona.

Pumzi ile, lakini.
Nairudia kwa mara ya nne.
Uniti imebaki moja na nusu, mvua
inaanza kujaribu bati, tone, kisha tone,
kama mtu anayepima maiki.

Jina linakuja.