Hasara Mpya

Shaame, nimezipitia zote, mia moja na kumi na mbili,
za dakika tatu tatu, ulizocheza tangu Mfunguo Mosi,
kofia mapajani, na ubavuni daftari la deni la duka,
maana kurasa zake za nyuma bado nyeupe.

Usinune. Uliniomba mwenyewe.

Kwanza nikupe haki yako.
Kufungua unajua. Hatua kumi na mbili za mwanzo
zinakutoka kama mtu asomaye Fatiha,
na farasi wako huwa keshafika
wakati mwenzio wa Manila, wa Bogota, wa sijui wapi,
bado anatafuta mlango wa kutokea uani.
Mwishoni pia, zikibaki ngome na vitunda, mkono wako umetulia.
Alama elfu mbili na mia tatu hukuziokota njia ya Bopwe.

Ugonjwa uko katikati.

Nimehesabu. Katika thelathini na nane ulizofungwa,
ishirini na tisa ulikufa na saa imejaa:
sekunde arubaini, hamsini, moja dakika na ushei,
kama aliyekufa kwa kiu
na mtungi kajitwika kichwani.

Na kila mara ni pale pale:
mtu anakuachia kitu, tembo, kitunda, chochote,
nawe kidole kinafika kabla ya jicho.
Tazama ya tarehe nane, hatua ya ishirini na tatu.
Kakupa ngome nzima. Nani hutoa ngome bure, Shaame?
Hata Bi Rukia wa maandazi haongezi moja.
Ukala.
Shaha wako akabaki uchi kona ya kulia,
na malkia wa watu akaingia bila hodi.

La pili naona haya kulisema.
Ukifungwa hupumziki. Sekunde mbili, ushaomba nyingine.
Usiku ule wa Ijumaa, saa saba, ulicheza kumi na moja mfululizo,
ukashinda mbili.
Nilikuwa macho. Nikisikia kitanda chako kinalia
najua mfalme mwengine kaanguka.

Kofia hii ina vitobwe zaidi ya elfu,
na nikikosea kimoja nafumua.
Sikwambii ucheze ninavyoshona, mechi moja ingefika Maulidi.
Nakwambia tu, pale unapopewa,
ukalie mkono wako. Uweke chini ya paja.
Jiulize: huyu ana shida gani na mimi?
Kisha utoe.

Alinuna. Akasema, na wewe sataranji umefundishwa na nani,
si mimi, kwa vizibo vya soda?
Kweli, ni yeye.

Jana baada ya isha umeme wa Wete ukarudi,
akawasha simu, nikasogea na sindano yangu.
Mtu wa bendera nisiyoijua akamwachia farasi.
Nikaona mkono unakwenda,
ukasita,
ukapinda, ukaingia chini ya paja
kama mtoto afichaye ubuyu darasani.
Akatazama. Midomo inamchezacheza.
"Mtego," akasema. "Dada, huu mtego."

Akaupita. Mchezo ukamfungukia,
hata mimi nikauona ushindi, uko wapi na utapita wapi,
naye anauona zaidi, hatua sita mbele, saba,
anatabasamu peke yake,
mkono bado kaukalia,
na saa yake ikasoma sifuri.

Tukatazamana.
Tulicheka mpaka Kombo wa chumba cha pili akagonga ukuta.
Nikafungua daftari, chini ya zile thelathini na nane
nikapiga mstari, nikaandika:
hasara mpya.
Hii hatujawahi kuwa nayo.