Sahihi ya Mkono wa Kushoto

Bwana Msajili, barua yako nimesomewa
na Mwalimu Andama wa wadi ya pili,
aliyefungwa kwa sababu ya mabati ya shule
na ambaye humu ndiye chuo kikuu chetu.
Imechukua wiki tisa kutoka Arua mjini,
mwendo wa saa moja kwa miguu,
kama miguu ni yako.

Umesema rufaa imerudishwa.
Umesema sahihi iliyo chini ya kiapo
hailingani na ile iliyo kwenye faili la kesi.

Ni kweli. Hailingani.

Ile ya kwanza niliitia kwa mkono ulioshona
viatu vya nusu ya soko,
herufi zimelala upande mmoja
kama mtama uliopitiwa na upepo.
Mkono huo ndio ninaoulalamikia.
Soma ukurasa wa tatu: shamba la tumbaku,
mwezi wa Machi, jembe limevunjika mpini,
Sajini Obiga akasema mpini ni mali ya serikali,
akaniuliza, na vidole ni mali ya nani.
Alivihesabu kimoja kimoja, kwa sauti,
kama mtu anayepokea chenji.

Zahanati ilinipa panadoli mbili na kitambaa.
Daftari lao linasema nilianguka.
Humu watu huanguka sana, Bwana Msajili.
Sakafu yetu ina hasira.

Basi nikajifunza kushoto. Miezi minne,
kijiti na vumbi, nyuma ya jiko la posho,
E yangu ikigeuka nyuma kama mbuzi anayeburutwa,
Z ikikataa kukunja goti.
Jina la baba lilinimalizia msimu mzima wa mvua.

Na kila karatasi, kabla ya kukufikia,
hupita mezani kwa Sajini agonge muhuri.
Aliugonga vizuri. Mkono wake haujawahi kutetemeka.

Wewe unataka sahihi iliyo sahihi.
Lugha imeyalaza maneno hayo
selo moja, blanketi moja;
mimi nimetenganishwa nayo kwa rungu.
Nikikupa ile ya zamani, nimeghushi.
Nikikupa hii, si yangu.

Kwa hiyo narudisha karatasi ileile, bila kufuta.
Pembeni mwa jina lililopinda
nimekanyagisha gumba la kulia.
Halinyooki tena; wino umeshika nusu.
Iweke mezani hiyo nusu,
uweke na faili la kesi.
Linganisha.

Mwalimu anakusalimu.
Anauliza, safari hii stempu ngapi zitatosha.