Kubisha

Waliniletea viatu siku ya Alhamisi, hapa Makoroboi,
jozi nne ndani ya mfuko wa rambo,
rangi ya ulimi wa paka.
Mimi hushona raba, buti za machinga, ndala za mabinti wa chuo.
Viatu vya kusimamia vidole sikuwahi kuvishika.
Nikavibonyeza pua: karatasi, gunia, gundi iliyokauka.
Kimoja kilikuwa kimelainika kama embe la juzi.
Nikatia gundi yangu, na chini ya gundi
kipande cha soli ya buti. Sikumwambia mtu.

Jumamosi wakaicheza meli ile.
Jina hawakulitaja; Mwanza haihitaji kutajiwa.
Wasichana kumi na wawili wa mbali, shingo ndefu,
shuka ya buluu ikipepea jukwaani, filimbi,
wakawa abiria, wakawa maji, wakawa tena abiria.
Halafu taa zikapinduliwa: chini ikawa juu.
Kimya.
Na katikati ya kimya, kiatu kimoja:
ko. ko. ko.

Baadaye tulikaa Kirumba, watu wanne, sato mmoja,
ugali wa muhogo, na mabishano.

Mazigo wa Nansio, aliyesomea majokofu Leningradi
akashinda njaa ili anunue tiketi za baleti,
alisema: Mmeiona ile mikono?
Kule nilimwona malkia akifa kwa dakika ishirini,
watu wazima wakilia ndani ya makoti.
Ila wenzetu hucheza misiba iliyokwisha kuota majani.
Wetu bado una wajane.

Maduhu, ambaye ujana wake aliurusha juu pamoja na jembe
akaudaka mbele ya kijiji kizima,
alitema mwiba.
Ngoma gani haina vumbi?
Wanaanguka kama manyoya. Anayezama haanguki hivyo.
Kwetu mchezaji akikuchosha unamwacha,
unahamia kwa mpinzani wake, upande wa pili wa uwanja.
Hawa wametufungia ndani, taa zimezimwa, utaondokaje?

Ndiyo maana yake, akasema Mazigo.
Kwenye ile meli nani aliondoka?

Wakabisha mpaka mchuzi ukaganda.

Kemilembe hakusema neno. Alitoka Bukoba kwa basi,
Biharamulo, Geita, akilizunguka ziwa kama mtu anayekwepa mdeni,
kuja kuona mchezo wa saa moja na nusu.
Zamani pale Busisi alivuka akiwa amefumba macho.
Siku hizi kuna daraja; hulipita ameyafumba vilevile.
Mchana huo alikuwa Igoma, aking'oa magugu
kwenye kaburi ambalo huenda si la baba yake.

Akanawa mikono. Akasema:
Mimi mikono sikuiona. Hata shuka sikuiona.
Nilisikia mtu anabisha.
Mama alitusimulia, waliofika na boti walisikia hivyo,
ndani ya chuma, watu wanabisha,
na hakuna aliyejua namna ya kuitikia.
Aliyeiweka sauti ile anajua kitu.

Mazigo akamsifu mwalimu wao wa ngoma.
Maduhu akakubali kwamba hapo, angalau, walikanyaga.

Mimi nikatazama kucha zangu. Gundi ilikuwa bado imo.
Asubuhi ile mwenye kiatu alikuja kibandani,
akagonga meza yangu, ko ko, akatikisa kichwa,
akaweka kidole mdomoni: kiatu chao hakitakiwi kusikika.
Nilikuwa na raba kumi na moja za watu.
Nikamwonyesha kwa vidole: Jumatatu.

Jumatatu walikuwa wameshavuka Mutukula.
Sijui kama kile kipande kimebanduka,
au bado, mbele ya watu wasioijua Igoma iko wapi,
kinabisha,
nao wamekaa kwenye viti vyao, kimya,
wakidhani ni ngoma.